Malalamiko kuhusu keloidi ya sikio iliyokatwa kwenu na kurudi

Busia, Uganda

Kwa Meneja,
Kliniki ya Upasuaji wa Urembo,
Kampala.

Ndugu Meneja,

YAH: KELOIDI YA SIKIO LA BINTI YANGU

Mimi ni mama wa binti wa miaka 17 ambaye mlimkata keloidi, yaani kovu linalovimba na kuendelea kukua, kwenye ndewe la sikio la kulia mwezi wa Agosti mwaka jana. Namba ya faili imo kwenye risiti niliyoambatanisha pamoja na picha. Tafadhali zitazame picha kwanza, ndipo uendelee kusoma.

Keloidi ile ilitokana na kutogwa tundu la pili saluni. Ilianza kama kipele kigumu nyuma ya sikio, na mpaka tunakuja kwenu ilikuwa haijafika sentimita moja. Ilikuwa ikiwasha, basi, lakini kwa mbele huioni. Tangazo lenu lilisema: "Kovu la sikio? Nusu saa tu, halirudi tena." Nililipa shilingi 1,400,000 kwa ajili ya yale maneno mawili ya mwisho. Kama ni kukata tu, wakataji wapo hata huku kwetu, wala nisingesafiri karibu kilomita 200.

Nusu saa ilikuwa kweli, hilo siwanyimi. Alichomwa ganzi, nyama ikakatwa, akashonwa, akatoka na bandeji na bahasha ya vidonge vya maumivu na antibayotiki. Mshono ulikuwa msafi. Hata muuguzi aliyemtoa nyuzi huku Busia aliusifu. Tukaambiwa, "Kazi imekwisha, mama." Hatukupewa tarehe ya kurudi.

Mwaka haujaisha, pakaanza kuwasha tena. Leo uvimbe una sentimita 3. Umevuka mshono wenu pande zote na kulivuta ndewe chini, na vitobo vya nyuzi vimetanuka juu ya ngozi inayong'aa. Mwanangu hajifungui mtandio hata akiwa chumbani na dada zake, na usiku halalii ubavu ule.

Nilipopiga simu, wa mapokezi alisema mgonjwa amekichezea kidonda. Nikaomba kuongea na daktari. Daktari akasema tatizo ni ngozi ya mtoto, kisha akanipa ofa ya kukatwa tena kwa punguzo la asilimia 20. Punguzo! Kana kwamba nimekuja kununua kitenge.

Ngozi ya mtoto, sawa. Lakini kuna aliyeiuliza habari zake kabla ya kushika kisu? Mimi mwenyewe nina keloidi kifuani, na siku ile nilivaa gauni ambalo haliifichi. Nimempeleka kwa daktari mwingine wa upasuaji wa ngozi, na swali lake la kwanza lilikuwa hilo: nani mwingine nyumbani anayo? Alinieleza kwamba kovu la kawaida hubaki ndani ya mpaka wa jeraha, ila keloidi huuvuka na kuendelea kukua. Kwamba huwapata zaidi watu wenye ngozi nyeusi na hufuata ukoo. Na kwamba ndewe ni moja ya sehemu inazozipenda, sawa na kifua na mabega. La muhimu zaidi, keloidi ikikatwa tu bila tiba nyingine, mara nyingi hurudi, na ikirudi inaweza kuwa kubwa kuliko ya kwanza. Kwake kukata ni sehemu ya matibabu tu. Baadaye huja sindano za triamcinolone (dawa ya jamii ya steroidi) palepale penye mshono, zinazorudiwa kila baada ya wiki kadhaa, na hereni maalumu za kubana ndewe, ambazo mgonjwa huvaa kwa miezi. Wengine hupigwa mionzi mara baada ya upasuaji, lakini kwa binti wa umri huu alisema hakuna haja ya kuikimbilia. Hakuniahidi kwamba haitarudi. Aliniambia hata ubaya wa sindano zake, kwamba zinaweza kufanya ngozi iwe nyembamba au ipauke. Nilimwamini kwa sababu hiyohiyo.

Kwa hiyo naomba tuelewane. Silalamiki kwamba keloidi imerudi, maana ugonjwa ndivyo ulivyo. Nalalamika kwamba mliuza kukata kana kwamba ndiyo dawa, mkaahidi jambo ambalo mtaalamu yeyote wa makovu anajua haliahidiki. Fomu mliyonisainisha, iliyoandikwa Kiingereza na kuletwa mtoto akiwa tayari kitandani, inataja kutokwa damu na kuingia usaha. Kurudi kwa keloidi hakumo. Nimeisoma upya mstari kwa mstari nikiwa na mpwa wangu anayesomea uuguzi. Hakumo.

Nataka mnirudishie shilingi 1,400,000 zote, na mgharamie sindano na hereni za kubana kwa daktari tuliyemchagua sisi. Kurudi mezani kwenu hatutarudi, punguzo au bila punguzo. Daktari huyo anahitaji pia maandishi ya upasuaji wenu: mlikata vipi, mlitumia nyuzi gani, na kama kuna sindano yoyote mliyochoma pale zaidi ya ganzi. Hayo ni haki ya mgonjwa na hayawagharimu kitu, hivyo yatumeni wiki hii hata kama habari ya fedha bado mnaijadili. Na lile tangazo liondoeni. Jana jioni nimeliona bado lipo, na chini yake kuna mama anauliza bei kwa ajili ya mwanawe.

Nangoja jibu la maandishi ndani ya siku 14. Lisipokuja, barua hii na viambatanisho vyake nitavipeleka kwa Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Uganda.

Wako,

Mama wa mgonjwa
(jina na namba ya simu vimo kwenye faili)

Viambatanisho: nakala ya risiti, fomu ya ridhaa, picha za sikio kabla na baada, picha ya tangazo.