Risala ya vijana wa mafundisho kwa mgeni wa heshima, Jumapili ya Neno la Mungu, Goma

Baba Padri, mgeni wetu wa heshima na mkuu wa katekesi jimboni, Baba Paroko, makatekista wetu, wazazi na viongozi wa mashirika, vijana wenzetu: Tumsifu Yesu Kristo!

Karibu sana kwetu, Baba. Jumapili hii ya Neno la Mungu, aliyoiweka Papa Fransisko mwaka 2019, tunaiadhimisha tukiwa pamoja: wanaojiandaa kwa Komunyo ya Kwanza, wanaojiandaa kwa Kipaimara, na wachache waliokwisha kupata Kipaimara lakini wakaendelea kuja mafundisho. Hao wachache ndio waliotusukuma kuandika risala hii.

Kwanza tunawashukuru makatekista. Hawana mshahara. Wako mama wanaotoka sokoni Jumamosi mchana na kuja moja kwa moja kutufundisha, hata nyumbani hawajafika. Ni wao waliotushikisha Baba Yetu, Nasadiki, amri kumi na sakramenti saba. Tunasikia watu wakisema kwamba kukaririsha watoto kumepitwa na wakati. Sisi hatukubali. Kati yetu wamo wenzetu waliokimbia vita kutoka Masisi na Rutshuru, wakaacha nyumba, madaftari, hata vyeti vya ubatizo. Nasadiki hawakuiacha. Walipofika hapa waliisali pamoja nasi tangu Misa ya kwanza, na ndivyo tulivyojua kuwa ni ndugu zetu.

Hata hivyo, Baba, tunataka kwenda mbele zaidi. Katika Matendo ya Mitume, sura ya 8, Mwethiopia mmoja yuko safarini, anasoma Isaya. Filipo anamuuliza kama anaelewa anachokisoma, naye anajibu kwamba hawezi kuelewa asipopata wa kumwongoza. Basi Filipo anapanda garini, anaketi naye, na kumweleza habari ya Yesu akianzia andiko lilelile. Tunatamani kufundishwa hivyo, tukiwa tumeifungua Biblia mbele yetu, na maswali yetu yakipewa nafasi. Maana maswali tunayo mazito. Mtoto aliyeona baba yake akiuawa, asamehe namna gani? Wahubiri wanaotuahidi mali na safari za Ulaya tukitoa sadaka kubwa, hayo wameyasoma wapi katika Injili? Kijana asiyejibiwa kanisani anatafuta jibu mahali pengine, na huko wapo wengi wanaomngoja.

Mfano wetu mkubwa tunao hapahapa mjini. Mwenye Heri Floribert Bwana Chui alizaliwa Goma mwaka 1981, akawa mwanajumuiya wa Sant'Egidio, jumuiya ya waamini walei wanaosali pamoja na kuhudumia maskini, akiwasaidia watoto wa barabarani. Alipokuwa akifanya kazi ya kukagua bidhaa mpakani, alipewa rushwa ili apitishe chakula kilichoharibika. Akakataa. Julai 2007 alitekwa, akauawa akiwa na miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa Mwenye Heri huko Roma, katika Basilika ya Mtakatifu Paulo Nje ya Kuta.

Sisi tunaona katika maisha yake somo zima la katekesi. Amri ya saba inakataza kuiba, na Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2409, inahesabu rushwa chini ya amri hiyohiyo. Amri ya tano inakataza kuua, na chakula kibovu kinaua. Floribert alijifunza amri hizi kama sisi, na siku ya kuchagua ilipofika alikuwa peke yake na hela mbele yake. Wengi wetu tutafanya kazi mpakani, sokoni, ofisini. Tunaomba tuandaliwe kwa siku kama ile tungali hapa darasani, kwa mifano ya kazi na biashara za mji wetu.

Papa Fransisko alimtaja Floribert alipokutana na vijana na makatekista huko Kinshasa, tarehe 2 Februari 2023. Alitufundisha kwa vidole vitano vya mkono: sala, jumuiya, uaminifu, msamaha na huduma. Wadogo wetu wanavikumbuka vyote, na wanavionyesha bila kukosea.

Sasa maombi yetu. Biblia ni chache mno, kundi zima linasoma katika moja. Tusaidie tupate nyingine za Kiswahili. Makatekista wetu wapewe semina ya Maandiko, hasa namna ya kupokea maswali magumu. Na lile linalotuuma zaidi: baada ya Kipaimara hakuna somo lolote. Kijana wa miaka 15 anapakwa Krisma, anapigwa picha na familia yake, na Jumamosi inayofuata hana pa kwenda. Tunaomba darasa la kuendelea, hata mara moja kwa juma, lenye mwalimu wake.

Hatukungoja kila kitu kianzie kwako, Baba. Tumeanza kusoma Injili ya Marko, sura moja kila juma, hadi tumalize zote 16. Maswali yanayotushinda tumeyaandika katika daftari hili tunalokukabidhi sasa. Baada ya chakula tutakuomba ukae nasi, utujibu machache ya kwanza.

Ni sisi wanao,
Vijana wa mafundisho, Goma