YAH: MALALAMIKO KUHUSU PICHA ZA FILAMU ZA HARUSI YA MDOGO WANGU

Mikindani, Mtwara
20 Desemba 2024

Meneja,
Studio ya Picha,
Mtwara Mjini.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mwezi uliopita studio yenu ilipiga picha za harusi ya mdogo wangu hapa Mikindani. Ninyi ndio mliotushawishi tuchukue filamu badala ya dijitali, na tukalipia mikanda mitatu. Hakuna aliyetuambia kwamba kila mkanda una picha 36 tu. Wageni walipomwambia mpigapicha "hebu tuone", ndipo tulipojua kamera ile haina kioo cha kuonyesha picha, na kosa likitokea halijulikani mpaka filamu isafishwe. Wala hatukuambiwa kuwa hamsafishi hapa, mnazituma Dar es Salaam kwa basi. Tungejua hayo, tungetafuta kamera ya dijitali isimame pembeni.

Mikanda miwili imetoka vizuri, nashukuru. Wa tatu ndio unaoniuma. Ulikuwa wa jioni, bibi yetu alipoketi katikati ya wajukuu. Ana zaidi ya miaka 80, uso wake una chale za Kimakonde za enzi zao, na tulimteremsha kutoka Newala kwa ajili ya siku ile tu. Alikataa kiti, akataka mkeka. Kijana wenu alimpiga picha nyingi, nasi tukifurahi kila kamera ilipolia. Mkanda huo umerudi mtupu.

Kwenye simu mlinijibu kuwa dawa za kusafishia filamu huko Dar ndizo zilizoharibu. Nikaja studio na mzee jirani yetu, aliyefanya kazi hiyo enzi za filamu. Aliuinua mkanda kwenye mwanga wa mlango. Ni mwangavu, rangi ya chungwa iliyofifia mwanzo hadi mwisho, lakini pembeni namba zinasomeka vizuri kabisa. Mzee akanieleza kuwa namba hizo huwekwa kiwandani kwa mwanga, nazo hujitokeza pale filamu inaposafishwa sawasawa. Dawa zingekuwa mbovu, namba zisingeonekana. Filamu ingeungua kwa mwanga, ingetoka nyeusi. Maana yake ncha ya mkanda haikunasa kwenye spuli, yaani kile kigurudumu cha ndani ya kamera kinachovuta filamu, na kamera ikalia bure jioni nzima. Mpigapicha akivuta wenzo wa kusogeza filamu huku akitazama kile kifundo cha kukunjia filamu, kisipozunguka anajua mkanda haujanasa. Kazi ya sekunde mbili hiyo, na haikufanyika.

Tena kuna suala la negativu, yaani filamu zenyewe zilizosafishwa, ambazo picha huchapishwa kutoka kwazo. Mmetupa flashi yenye picha ndogo ambazo tukizikuza kwa ukubwa wa kutundika ukutani zinavunjikavunjika, kisha mkasema negativu ni za ofisi. Neno hilo halimo kwenye risiti wala hatukulisikia kabla ya kulipa. Filamu faida yake ni negativu: ikitunzwa mahali pakavu pasipo joto, wajukuu wanaweza kuichapisha upya. Unyevu wa pwani yetu mnaujua, na ukungu unakula filamu. Zetu nimeziona kwenye bahasha ya karatasi chini ya kaunta, karibu na ndoo ya kudekia.

Naomba mnikabidhi negativu za mikanda miwili ndani ya siku 7, na mrudishe fedha za mkanda wa tatu pamoja na usafishaji wake. Naomba pia mpigapicha aende Newala kwa gharama zenu akampige bibi picha upya, safari hii akiwa na kamera mbili. Na wateja wengine waambieni kabla hawajatoa fedha: picha ni ngapi, zinasafishiwa wapi, zitachukua muda gani, na negativu zinabaki kwa nani.

Bibi ameshapiga simu mara mbili kuuliza picha yake, na bado sijapata la kumwambia. Nasubiri jibu lenu kwa maandishi.

Wenu mteja,
Dada wa bi harusi