Mlango wa pikapu kuukuu uanziwe kwenye kitasa, si kwenye rangi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wenzangu wenye pikapu kuukuu hapa Dodoma, pamoja na mafundi wetu wa bodi. Ukisimama mahali yanaposhushwa mazao, iwe sokoni Majengo au kwenye soko la nafaka la Kibaigwa, utaona pikapu za miaka ya 1980 na 1990 ambazo injini zake bado zina nguvu, lakini mlango mmoja, mara nyingi ule wa abiria, umefungwa kwa kamba ya katani au kwa komeo la nyumba lililochomelewa upande wa nje. Aliyekaa ndani hawezi kujifungulia. Gari likipinduka au likishika moto, uhai wake unamtegemea mpita njia, na katika barabara zetu nyingi za vijijini unaweza kwenda mwendo mrefu usimwone mtu.

Sisemi pikapu hizi ziondolewe barabarani, kwa maana ndizo zinazotutolea zabibu Hombolo na alizeti za Kongwa, na wengi wanaozimiliki hawana uwezo wa kununua gari jingine. Ninachoomba ni kwamba mlango ulioharibika utengenezwe kwa utaratibu unaofaa. Katika gereji nyingi kazi huanzia mwisho: bati linanyooshwa, linajazwa puti, ile rojo ya kusawazisha mabonde, linapigwa msasa na rangi, halafu mlango ukikataa kufunga ndipo kitasa kinakumbukwa.

Kitasa cha mlango wa gari hubana kwa hatua mbili. Ya kwanza huzuia mlango usifunguke mara moja, na ya pili ndiyo inayoushika sawasawa. Mlango uliogongwa, au ulioshuka kwa sababu pini za bawaba zimelika, mara nyingi huishia hatua ya kwanza, na dereva akishasikia mlio huo huridhika akaondoka. Kupima hakuhitaji chombo chochote: fungua mlango nusu, shika ukingo wake ulio mbali na bawaba, kisha ujaribu kuunyanyua. Mlango ukicheza juu na chini, ubovu uko kwenye bawaba, hata ukikigonga kitasa kwa nyundo mchana kutwa. Pini iliyolika ibadilishwe, na bawaba iliyopinda itafutiwe nyingine, kwa kuwa ndiyo inayobeba uzito wote wa mlango.

Baada ya hapo ndipo tuzungumze habari ya kutu. Wapo wanaodhani kwamba, kwa ukame wa Dodoma, magari yetu hayapati kutu, na dhana hiyo imewatia hasara wengi. Wakati wa kiangazi vumbi laini huingia ndani ya mlango kupitia mpira wa kioo uliokauka kwa jua, likajikusanya chini na kuziba matundu madogo ambayo watengenezaji waliyaacha ili maji yatoke. Mvua za Desemba zikianza, maji yanayoteremka kando ya kioo hayana pa kutokea, vumbi linageuka tope, tope linashika unyevu kwa siku nyingi, na bati linaoza kuanzia ndani. Siku utakapoona rangi imevimba kwa nje, jua kwamba upande wa pili umekwisha kuliwa. Ukipaka puti juu ya hali hiyo hutapata chochote, kwani puti hunyonya unyevu na kupasuka, na mwenye gari hubaki akimlaumu aliyemuuzia rangi. Sehemu iliyooza ikatwe mpaka bati zima lionekane, lichomelewe bati jipya, na rangi ya kuzuia kutu ipakwe pande zote mbili. Yale matundu yazibuliwe kila mwaka kabla ya mvua kuanza. Kipande cha waya kinatosha.

Bati lenyewe nalo lichaguliwe vizuri. Nimeona milango iliyowekewa kiraka cha bati la kuezekea, la geji 28 au 30, ambalo ni jembamba kuliko bati la mlango, hutoboka upesi kwa moto wa kuchomelea, na madini ya zinki yaliyolifunika hutoa moshi unaomdhuru fundi mwenyewe. Vijana wetu wanaofanya kazi hiyo bila kinga yoyote puani wanastahili kuambiwa jambo hili waziwazi.

Ikiwa fremu ya ndani, ile inayoshikilia bawaba na kitasa, imepinda sana au imeoza, gharama ya kuinyoosha haina maana, heri kutafuta mlango wa mtumba. Mnunuzi ahakikishe ni wa toleo lilelile la gari, na asisahau kwamba mlango wa kabini moja mara nyingi haulingani na wa kabini mbili. Aende na sumaku apitishe sehemu ya chini. Mahali isiposhika, hapo pamejazwa puti. Kabla ya kuufungua mlango wa zamani, fundi achore alama kuzunguka bawaba ili mpya ukae palepale.

Lawama hii si ya mafundi peke yao. Wenye magari ndio wanaowaambia, “Weka puti tu, nataka kuliuza,” na anayelinunua hubebea familia yake humo bila kujua alichouziwa.

Nawaomba pia askari wa usalama barabarani, wanapokagua magari wakati wa Wiki ya Nenda kwa Usalama, wasiishie kwenye taa, breki na matairi. Wakae kwenye kiti cha abiria, wafunge mlango, kisha waufungue kwa mkono wa ndani. Gari ambalo abiria wake hawezi kutoka bila msaada wa mtu wa nje lisipewe stika mpaka kitasa chake kiwe kimetengenezwa.

Msomaji wako,
Kizota, Dodoma