Mchezo umekwama, naomba makoti

Atu mwenzangu,

Habari za Njombe? Sisi huku Mbeya tunatetemeka tu, Juni hii imekuja na meno. Najua unanidai barua tangu Pasaka. Utanigombeza tukionana.

Nina shida. Ule mchezo wangu wa kliniki ambako wazazi wanamchagulia mtoto akili na urefu kabla hajazaliwa, tumeanza mazoezi. Onyesho la pili tulicheka mpaka basi: Baba anabishania bei ya kimo utadhani yuko sokoni Mwanjelwa, "Daktari, sentimita kumi tu, nyongeza huweki?" Nikajiona mwandishi kwelikweli.

Mara yule binti wa Kidato cha Tatu anayecheza nesi akaweka karatasi chini. Unamkumbuka, mwenye selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Baridi ikizidi maumivu yanamwamka, kwa hiyo huja na masweta mawili na chupa ya maji ya moto kifuani, haiachi hata jukwaani. Nilimwandikia aseme kuwa anayegusa jeni za binadamu anashindana na Mungu. Akaniuliza taratibu, "Mwalimu, mimi humu niko upande gani?"

Nilikosa jibu. Siku hizi nasoma usiku, na nimeona nilitia kila kitu kapu moja. Mwanasayansi He Jiankui wa China alihariri jeni za viinitete, yaani mimba changa kabisa, akatangaza 2018 kuwa mapacha wamezaliwa, mwaka uliofuata akahukumiwa miaka 3 jela. Mabadiliko ya namna ile yanaweza kurithiwa na wajukuu ambao hakuna aliyewauliza. Lakini ile tiba ya selimundu iliyoidhinishwa Uingereza Novemba 2023 ni habari nyingine: wanatoa seli za mgonjwa mwenyewe, wanazihariri jeni, wanamrudishia, na wanawe hawarithi badiliko hilo. Ila Marekani bei yake ni dola milioni 2.2! Hiyo sijamwambia binti.

Basi nikawaambia wanafunzi nimeupata mpaka: kutibu sawa, kuongeza hapana. Kale kafupi kanakocheza Baba, kalikoachwa timu ya voliboli, kakadakia, "Kwa hiyo ufupi wangu ni ugonjwa au siyo?" Atu, watoto hawa wataniua.

Mkuu wa shule anataka mwisho wenye fundisho. Nimefuta ukurasa ule mara nne. Maneno ya nesi nimempa binti ayaandike mwenyewe, na mpaka leo karatasi hajairudisha. Sijui nilimtendea haki au nilimtwisha mzigo wangu.

Wewe uko maabara kila siku: mzazi akipewa majibu ya selimundu ya mwanawe, huuliza nini kwanza? Ile bei nimwambie, au nimwache aione mwenyewe? Wewe ungekuwa na mtoto kama yeye, mpaka ungeuweka wapi? Na mama mkwe, kashaondoka au bado anahesabu vijiko vyako?

Onyesho ni tarehe 28. Nahitaji makoti meupe mawili, moja dogo. Majibu yakichelewa, makoti yatangulie.

Wako,
Tumaini