Usiwasahau shangazi zako

Mpendwa Rehema,

Salamu nyingi kutoka Dar. Barua yako nimeipata, na kuna jambo halikunikaa vizuri: eti umepumua kwa kuwa upande wa mama yako hakuna aliyewahi kuugua. Shoga, na shangazi zako je? Wawili wamepata saratani ya matiti hata hamsini hawajafika, na bibi yako mzaa baba alikufa kwa saratani ya ovari. Huyo daktari aliyekuuliza habari za mama na mama wadogo tu, kisha akakuambia nenda, hakukutendea haki.

Jeni za BRCA1 na BRCA2, zile ambazo zikiwa na hitilafu huleta saratani ya matiti na ya ovari katika ukoo, si za wanawake peke yao. Baba yako anazo, na mumeo anazo. Kazi yake ni kukarabati DNA inapokatika. Kila mmoja wetu ana nakala ya baba na nakala ya mama. Nakala moja ya mzazi ikiwa na hitilafu, kila mtoto, wa kike au wa kiume, ana nafasi ya nusu kwa nusu kuirithi. Kwa hiyo mzee anaweza kuwa nayo maisha yake yote asiumwe chochote, wewe ukairithi. Naye mpeleke akapimwe tezi dume, maana hitilafu ya BRCA2 huwaandama wanaume huko. Atanuna, namjua. Mwambie ni mimi niliyesema.

Sikutishi. Saratani nyingi za matiti hazirithiwi. Zinazorithiwa ni kama 5 hadi 10 katika kila 100. Lakini mwanamke mwenye hitilafu hii, uwezekano wa kuugua kabla ya miaka 80 ni kama asilimia 70, na ukoo wa namna ya kwenu ndio unaotiliwa shaka. Mary-Claire King, mtafiti wa jeni wa Marekani, alipoonyesha mwaka 1990 kwamba jeni ya kwanza, BRCA1, iko kwenye kromosomu ya 17, alianzia kwenye familia kama hizo, nani aliugua na akiwa na umri gani.

Usikimbilie kupima jeni hizi wewe. Aanze shangazi mdogo, aliyeugua na yu hai. Yeye akikutwa na hitilafu, wewe utapimwa hiyo hiyo na jibu litakuwa ndiyo au hapana. Ukianza wewe usikutwe na kitu, hatutajua kama umesalimika au kama ya kwenu ni jeni nyingine kabisa.

Ukienda Tanga Idi hii, kaa na shangazi umwandike kila mtu wa upande wa baba, na wanaume pia. Kisha nitumie.

Wako,
Zuhura