Mama mkwe anasema nadeka, na nyonga bado zinauma

Shangazi, shikamoo. Nakuandikia alfajiri maana usingizi umenikataa. Kila nikijigeuza kitandani, mfupa wa kinena unauma kama unaachana.

Yalianza mimba ikiwa na miezi sita. Kusimama mguu mmoja nivae siwezi, kupanda bajaji siwezi, na ule mwinuko wa kutoka stesheni kwenda Mwanga unaujua mwenyewe. Mama mkwe akasema mbele ya mawifi kuwa nadeka, eti yeye alianika dagaa Kibirizi mpaka siku ya uchungu. Mimi sideki, Shangazi. Nimekulia Kasulu, nimelima, nimebeba maji kichwani tangu sijavunja ungo. Na dagaa nilianika na tumbo lile mpaka mguu ukakataa kunyanyuka.

Wala si lile neno lililoniuma. Baba mtoto alikuwepo, akanyamaza. Akaendelea kula.

Kliniki nilisema. Wakapima presha na mapigo ya mtoto, wakaniambia ni mimba tu, nikijifungua yataisha. Mkunga mmoja ndiye aliyenisikiliza. Alisema mwili wa mjamzito hulegeza viungio vya nyonga kujiandaa kwa uzazi, na kwa wengine ndiyo huleta maumivu haya. Akanifundisha kujigeuza magoti yakiwa pamoja, kulala na mto katikati ya mapaja, kuvaa nikiwa nimekaa, nisibebe ndoo. Nilipata nafuu. Ila kwa mama mkwe, ukikaa ili uvae ndiyo umezidi kudeka.

Sasa mtoto anakaa mwenyewe na mimi bado nachechemea. Mume wangu alinyamaza, Shangazi, usiku hilo ndilo linanirudia. Usimseme vibaya lakini, ni mtu mwema, hela ya matumizi anaacha. Kurudi kwetu sitaki. Ingawa mama angeniita, ningeondoka hata leo.

Juzi mama mkwe kasema mtoto anahitaji mwenzake. Safari hii mume wangu hakunyamaza, kaitikia! Namtaka wa pili, watoto nawapenda, ila si sasa. Mkunga alisema mara nyingi maumivu haya hurudi mimba inayofuata, na yasipoisha baada ya kujifungua nimwone mtaalamu wa tiba ya viungo. Pesa ya kwenda huko, na hiyo ya uzazi wa mpango, namwombaje mume wangu, kwa maneno gani, asinyamaze tena?

Mama Mtoto, Kigoma