Mbona wahamiaji waliopigana hamuwaandiki?

Ndugu Mhariri, kila mkiandika habari za Vita vya Kwanza vya Dunia ni Jenerali Pershing tu, yule kamanda wa majeshi ya Marekani kule Ufaransa, na wakubwa wenzake, sasa yule kijana wa kawaida aliyeshuka meli pale Ellis Island, kituo cha kupokea wahamiaji bandarini New York, mfukoni hana kitu mbona hamumwandiki? Marekani ilipoingia vitani 1917 karibu mwanajeshi mmoja kati ya watano alikuwa kazaliwa nje, Italia, Poland, Urusi, Ugiriki huko, na wengi Kiingereza hawakijui kabisa, yani sajini anapiga kelele "lala chini" na wewe umesimama tu unamwangalia! Mpaka jeshi likaona bora kule Camp Gordon, Georgia, wafundishwe kwa lugha zao na maofisa wanaoziongea, hapo ndo mambo yakaenda.

Mei 1918 sheria ikabadilishwa, mwanajeshi mhamiaji akaweza kupata uraia chapchap, wengi wakala kiapo huko huko kambini na yunifomu zao, halafu hao Ufaransa, msitu wa Argonne. Wengine hawakurudi. Waliorudi wakaenda tena viwandani na migodini, na 1924 bunge likapitisha sheria ya kuwabania ndugu zao wasiingie. Hii inaniuma sana.

Tena moto wa 1973 kwenye ghala la kumbukumbu za wanajeshi huko St. Louis, Marekani, uliteketeza mafaili kama milioni 16 hadi 18 ya wanajeshi, kwa hiyo kuna familia zimebaki na picha moja tu ya babu. Watafuteni wajukuu Mhariri, wapo, waulizeni.

Msomaji wenu